Gripo Si Mafua

Bega langu la kushoto haliinuki kupita sikio. Mkiniona kwenye shughuli zetu pale Adelphi, huku Marekani, wenzangu wanacheza mikono yote juu nami nimeinua mmoja tu, msidhani ni maringo ya watu wa Tanga. Bega hilo liliharibiwa na neno moja la Kihispania, ambalo bibi wa Kifilipino alilisema kwa Kitagalogi, mama wa El Salvador akalitafsiri, na mimi nikaliandika kwa Kiingereza. Watu hupata ajali za gari kwenye barabara kuu. Mimi nilipata ajali ya kamusi, bafuni.

Nawaandikia nyinyi wanangu mnaoanza kazi ya kutunza wazee. Naona mnaongezeka, na kila mnaponikuta mnaniuliza swali lile lile: Mama Zuhura, kazi ni ngumu? Kugeuza mtu kitandani si kugumu, kunafundishika kwa siku mbili. Kumlisha, kumwogesha, kumvalisha soksi, yote yanafundishika. Kigumu ni kujua amesema nini. Hilo darasani hawalifundishi, na cheti utapewa hivyo hivyo.

Miaka ishirini na miwili nilikuwa kwenye nyumba moja ya wazee upande wa magharibi wa Alexandria ya huku, si ile ya Misri, jengo la matofali lenye bustani nzuri mbele. Bustani ile wazee wetu waliiona zaidi kwenye karatasi za matangazo kuliko kwa macho, kwa sababu mlango wa kwenda huko ulikuwa na ngazi tatu na hakuna aliyekumbuka kwamba wazee hutembelea viti vya magurudumu. Ghorofani kwetu, ya tatu, wafanyakazi tulitoka nchi nyingi hivi kwamba meneja alitundika ramani ya dunia ukutani na kutuomba tuchome pini mahali tulipozaliwa. Pini zilikwisha. Lugha yetu ya pamoja ilikuwa Kiingereza, kila mtu na cha kwao.

Aliyenifundisha kazi ni Luz, nesi Mfilipino, mfupi, mwenye viatu vyeupe ambavyo sikuwahi kuviona na doa. Siku yangu ya kwanza nilimwinua mzee mmoja kwa makwapa, kama gunia la viazi. Luz akanisimamisha palepale.

"Unapakia lori?" akaniuliza.

Nikasema hapana.

"Basi mfunge mkanda kiunoni. Kunja magoti. Mhesabie mpaka tatu. Ainuke yeye, wewe umsindikize."

Mpaka leo sijasikia maelezo mafupi kuliko hayo. Alinifundisha pia kupima maji ya kuoga kwa kiwiko, maana viganja vyetu vimekwisha kuzoea moto na vinadanganya. Alinifundisha kubisha hodi hata kama mwenye chumba ni kiziwi. Na alinifundisha Kitagalogi, lugha ya kwao, bila kukusudia, kwenye chumba cha kulia chakula.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa watatu mezani: Luz, mimi, na Marta, mama wa El Salvador aliyesafisha ghorofa yetu. Luz alikuwa na wali wake, akamwomba Mfilipino mwenzake aliyekuwa anapita, "Nipe kutsara." Marta akainua kichwa.

"Umesema cuchara? Kijiko?"

"Nimesema kutsara."

"Hilo neno letu."

"Mlituachia. Sasa ni letu."

"Sikukuachia mimi," Marta akasema. "Na mimi niliachiwa."

Luz akatueleza kwamba Wahispania walikaa kwao zaidi ya miaka mia tatu, na walipoondoka waliwaachia vijiko, uma, visu, siku za wiki, saa na majina ya ukoo. Akaanza kugusa vitu vilivyokuwa mbele yake akivitaja: sahani plato, glasi baso, uma tinidor. Akagonga meza. "Lamesa."

"Mesa," Marta akamsahihisha.

"Meza," nikasema mimi.

Wote wawili wakanitazama. Luz alidhani namdhihaki. Ikabidi niwaeleze kwamba Wareno walipita pwani yetu zamani hizo, nao Wareno na Wahispania lugha zao ni majirani, wakatuachia meza, leso na bendera. Halafu nikawaeleza jambo nililolisikia kwa mwalimu wangu wa Kiswahili kule Tanga, kwamba neno letu gereza lilitoka kwenye neno lao la kanisa. Marta akafanya ishara ya msalaba. Luz akacheka mpaka akaweka kijiko chini.

Toka siku hiyo ikawa mchezo wetu wa saa ya chakula. Luz alitwambia kwamba lamesa si neno moja, ni mawili. Wahispania walisema "la mesa", nao wakalibeba zima na kile kipande cha mbele, kama mtu aliyenunua kabati akalichukua na karatasi lililofungiwa. Kitunguu wanakiita sibuyas na kiatu wanakiita sapatos, na yote hayo kwa Kihispania ni wingi. Kwa hiyo Mfilipino akipoteza kiatu kimoja, amepoteza sapatos. Marta aliona hilo ni kosa kubwa. Nikamwambia apunguze hukumu. Sisi tulichukua kitabu kwa Waarabu, tukaona "ki" ile mbele tukadhani ni ya kwetu, tukatengeneza vitabu. Halafu wakaja Waingereza na kibao chao barabarani cha kuelekeza magari yabaki kushoto, tukakiita kiplefti, na viwili vikawa viplefti. Kila mtu huingiza mgeni nyumbani kwake akamvalisha nguo za kwao.

Nilikuwa na daftari dogo mfukoni, nikaandika maneno haya. Nilijiona msomi. Tatizo ni kwamba yote yalikuwa maneno ya vitu. Maneno ya vitu hayana fitina, ukikosea unaoneshwa kijiko. Sikuwa na hata neno moja la aina ile nyingine, ambayo haionekani mezani.

Sasa nije kwa Lola Charing. Lola ni bibi kwa Kitagalogi, na Charing ni kifupi cha Rosario. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwao, akaja kuishi na binti yake Tess kule Herndon, akaishi vizuri miaka mingi, akizungumza Kiingereza cha mwalimu, kila neno na mkia wake. Halafu kiharusi kikaja. Kikamchukulia nguvu za mguu mmoja, kikamchukulia na Kiingereza chote. Kikamwachia Kitagalogi. Mtayaona haya sana, wanangu: lugha iliyoingia mwisho ndiyo hutangulia kutoka.

Tess alipomleta kwetu aliandika kwenye fomu, kwa mkono wake, kwamba mama yake anazungumza Kifilipino, jina jingine la hicho hicho Kitagalogi. Fomu ikaenda ofisini kuingizwa kwenye kompyuta. Kompyuta ilikuwa na orodha ya lugha za kuchagua, na Kifilipino hakikuwemo. Karani akaangalia jina, akaona Rosario, akaona na jina la ukoo, akachagua Kihispania. Luz angelipinga hilo kwa dakika moja, angemweleza kwamba serikali ya Wahispania iliwagawia watu wa kwao majina ya ukoo kutoka kwenye orodha, kama shule inavyogawa madaftari. Lakini Luz alikuwa kwao kwa likizo ya wiki sita akimuuguza kaka yake, na wale Wafilipino wengine walikuwa ghorofa ya kwanza, ambako hatukuruhusiwa kuwaazima bila kibali.

Wakati huo huo meneja wetu alikuwa amepata mashine ya kutafsiri. Ilikuwa skrini juu ya mti wenye magurudumu, ikasukumwa vyumbani kama mgonjwa mwingine. Meneja alikuwa mtu mwenye moyo mzuri na mikutano mingi. Alikuja mwenyewe kuizindua kwa Lola Charing. Mashine ikamsalimu bibi kwa Kihispania: "¿Cómo está?"

Bibi akaitazama, akajibu kwa adabu, "Kumusta."

"Mnaona?" meneja akasema. "Wanaelewana."

Kumusta ndiyo salamu ya Wafilipino, nayo imetoka kwenye hiyo hiyo ya Kihispania. Kwa hiyo hakukosea, walielewana. Walielewana neno moja, na kwa neno hilo moja ikaandikwa kwenye faili kwamba lugha imethibitishwa. Siku ya tatu mashine ikagoma kuwaka. Ndipo Marta akaitwa aache ndoo yake awe mkalimani.

Na ndoo ndiyo ilitutia aibu ya kwanza. Bibi aliketi kitandani akasema, "Kubeta." Akarudia, "Kubeta, kubeta," huku anaanza kushuka.

"Anataka cubeta," Marta akasema. "Ndoo."

"Ya nini?"

"Sijui. Labda anataka kufua."

Nikaleta ndoo. Safi, nyekundu, nikaiweka mbele yake. Wanangu, yule mwalimu aliitazama ile ndoo, akanitazama mimi, akaitazama tena ndoo. Halafu akajikojolea palepale alipokaa, akageuza uso ukutani akalia bila sauti. Kubeta kwa Kitagalogi ni choo. Neno la ndoo lilivuka bahari likapanda cheo. Mimi sikulijua hilo. Niliandika kwenye ripoti yangu: mkazi ameomba ndoo, ameletewa, amekataa kuitumia, amejichafua.

Someni sentensi hiyo tena. Hakuna uongo ndani yake, na hakuna hata neno moja la kweli.

Ikafuata siguro. Kwa Kihispania, Marta alinieleza, maana yake ni hakika, bila shaka. Basi tukawa tunamuuliza bibi kwa ishara na kwa Kihispania: Unaumwa? "Siguro." Mguu? "Siguro." Na mgongo? Anafikiri kidogo, "Siguro." Kila kitu hakika. Nikaandika: maumivu makali, mwili mzima. Nesi wa zamu akampigia daktari, daktari akaongeza dawa kwa simu. Bibi akaanza kusinzia mpaka kwenye uji. Nikimuuliza kama ameshiba anasema siguro, nikiondoa sahani anaishika. Nikimuuliza kama bado anataka anasema siguro, nikimletea kijiko anafunga mdomo. Nikaandika: mkazi amechanganyikiwa.

Tulikuwa na mwenzetu Mkenya, Wanjiru, kijana mwenye macho makali. Alinivuta kando akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, ambacho bibi huitwa shosho.

"Mathe, huyu shosho hajachanganyikiwa. Ako na shaka tu. Mwangalie uso akisema hilo neno. Mtu akiwa sure hafikirii hivyo."

Nikamjibu kwamba tuna mkalimani. Nilimjibu kwa sauti ya mtu mwenye daftari mfukoni.

Wiki ya tatu bibi akaanza neno jipya. Alikuwa akinyoosha kidole kuelekea bafuni kwake anasema, "Sira ang gripo." Gripo, gripo, asubuhi na jioni. Marta alisikiliza sana, masikini, alijitahidi. "Sira silijui," akasema. "Lakini gripo, nadhani anamaanisha gripe. Mafua makali, yale ya homa."

"Na anaonesha bafuni kwa nini?"

"Labda anataka kutapika."

Ilikuwa majira ya baridi, na nyumba nyingine za wazee tulisikia zina mafua. Nikaandika: mkazi analalamika mafua. Ndani ya saa moja mlangoni pake pakabandikwa karatasi nyekundu. Tukaanza kuingia kwa magauni ya plastiki, barakoa, glavu na miwani. Tess akapigiwa simu Herndon akaambiwa asije mpaka apewe taarifa. Wanjiru akampima bibi joto mara tatu, hana. Wakampima puani, majibu yakarudi hana kitu. Meneja akasema kwa kuwa mkazi mwenyewe bado anasema anayo, tuchukue tahadhari tuongeze siku. Nadhani ndiyo mara pekee katika miaka yangu yote nyumba ile ilisikiliza kauli ya mkazi.

Siku nne yule mama hakuona uso wa mtu. Aliona plastiki. Akaacha kula.

Siku ya tano niliingia kumsafishia bafu, ambalo tangu ile karatasi nyekundu hakuna aliyeliingia. Nimevaa gauni, miwani imejaa mvuke wa pumzi yangu. Bibi alikuwa amejilaza, akaniona naelekea mlango wa bafu akainuka kwa kiwiko.

"Delikado," akasema.

Neno hilo nililijua, nilikwisha kumuuliza Marta. Delicado ni kitu laini, cha kushika taratibu. Nikamgeukia nikamwambia kwa Kiingereza, "Ndiyo mama, nitakushika taratibu."

"Delikado. Delikado!"

"Taratibu, mama," nikasema, nikakanyaga ndani.

Bomba la sinki lilikuwa limepasuka chini, na maji yalikuwa yametanda sakafuni kama kioo. Miguu ilitangulia, mimi nikafuata. Bega likagonga ukingo wa choo, nikasikia kitu kikilia ndani ya nyama kama kuni kavu. Sikuweza kuinuka. Kengele ya bafuni ilikuwa upande wa pili wa choo, mbali na mkono wangu mzima.

Aliyepiga kengele ni Lola Charing. Aliikamata ile ya kitandani kwake akaibana na hakuiachia. Nilimsikia anaita, kwa sauti ya mwalimu anayeita darasa kutoka uwanjani, mpaka Wanjiru na wenzake wakaja mbio wanafunga magauni njiani. Mtu niliyemwandika mara nne kwamba amechanganyikiwa ndiye aliyejua la kufanya, na yote aliyokuwa anasema wiki nzima yalikuwa yananiambia nisifike pale nilipolala.

Nilikaa nyumbani siku kumi, mkono umefungwa kifuani. Niliporudi kwa kazi nyepesi za kukunja taulo kwa mkono mmoja, nilikuta mambo mawili. La kwanza, sakafu ya bafu ilikuwa imepanguswa na kuwekwa kibao cha njano cha kuonya utelezi, kwa Kiingereza na Kihispania. Bomba halijaguswa. La pili, kulikuwa na kikao kesho yake cha kumhamishia Lola Charing upande wa mlango wa namba za siri, wanakokaa wazee wanaopotea. Sababu zilikuwa kwenye faili: anakataa choo, anadai maumivu mwili mzima, anadai ugonjwa asio nao, anawapigia kelele wafanyakazi. Upande ule mtu hurudi kwa nadra. Mnaoanza mtaufahamu, hata saa ya ukutani wanayowekewa ni ya picha tu, haitembei.

Na jioni hiyo Luz akarudi kutoka kwao. Nilimkuta anabadili viatu, sikumpa hata pole ya safari. Nikatoa daftari.

"Gripo ni nini?"

"Bomba la maji."

"Sira?"

"Imeharibika." Akanitazama bega. "Kwa nini?"

"Delikado?"

"Hatari."

Nikakaa kwenye benchi. "Siguro," nikasema. "Kwa Kihispania ni hakika."

"Kwetu ni labda," Luz akasema. "Sijui ilivyogeuka. Labda Mhispania alikuwa anasema hakika kila siku, na watu wakaona hatimizi." Akaacha kucheka alipoona sicheki. "Nani amekwambia maneno haya?"

Nikampeleka kwa Lola Charing. Luz alibisha hodi, akaingia, akasema sentensi moja tu ya Kitagalogi. Bibi akashika mkono wake kwa mikono miwili akaanza kuzungumza. Alizungumza nusu saa bila kituo. Luz alikuwa ananitafsiria, halafu akaacha, akawa anaitikia tu kwa kichwa.

Usiku ule sikuwaogopa sana wakubwa wa ofisini, niliogopa mwandiko wangu. Kila karatasi kwenye faili lile chini yake pana jina langu. Nikinyamaza, Luz angeweza kueleza maneno na kila mtu akasema bahati mbaya ya lugha. Nilifikiria kunyamaza. Nawaambia ukweli ili msije mkadhani watu wazima hatufikirii hivyo.

Kwenye kikao alikuwepo meneja, Luz, Marta aliyeitwa kama mkalimani rasmi, mimi, na Tess. Tess alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, wa ofisi za kompyuta, suti nzuri, macho mekundu. Meneja akasoma faili. Alipofika kwenye ndoo nikanyoosha mkono wangu mmoja.

"Hiyo niliandika mimi, na si kweli," nikasema. "Aliomba choo, nikampa ndoo. Na maumivu mwili mzima si kweli. Alisema labda, mimi nikaandika hakika. Mafua si kweli. Alikuwa anaripoti bomba. Na hakunipigia kelele. Alinionya, halafu akaniitia msaada."

Marta akaanza kulia. "Niliwaambia hiki si Kihispania," akasema. "Niliwaambia siku ya pili ya kutafsiri. Wakaniambia labda ni cha mkoa mwingine."

Tess alikuwa ananitazama mimi. "Siguro ni labda," akasema polepole. "Hilo nalijua. Nilipokuwa mtoto nikimwomba ruhusa ya kwenda mahali, alikuwa anajibu hivyo. Maana yake ilikuwa labda, na labda maana yake ilikuwa hapana." Akamgeukia meneja. "Niliandika Kifilipino. Kwa nini hakuna aliyeniuliza?"

Meneja akaandika swali hilo kwenye kompyuta yake, kwamba lifuatiliwe.

Lola Charing hakuhamishwa. Dawa zikapunguzwa, karatasi nyekundu ikatolewa, na fundi wa bomba akaja siku hiyo hiyo, kazi ya dakika ishirini. Mimi nikapewa barua ya onyo kwa kuandika ripoti zisizo sahihi, na kozi ya lazima juu ya namna ya kutoanguka. Marta akapewa cheti cha kumshukuru kwa ukalimani, wakakitundika chini ya ile ramani ya pini. Orodha ya lugha kwenye kompyuta ikaongezwa mstari mmoja, ulioandikwa "Nyingineyo".

Kwa hiyo shikeni hili, na ndilo pekee ninalowapa bure. Andika ulichosikia, usiandike ulichoelewa. Kama amesema gripo, andika gripo, herufi kwa herufi, mwache anayejua asome. Usimuulize mzee swali la ndiyo na hapana katika lugha usiyoijua. Mwekee vikombe viwili aoneshe. Na akinyoosha kidole, wewe nenda ukatazame anapoonesha kabla hujatazama kwenye daftari.

Tess alianza kuja kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza alinifuata kwenye chumba cha taulo, akasimama kama mtu aliyepotea njia.

"Luz ameniambia una daftari," akasema.

Nikamwambia ninalo.

"Mama hakutaka tuzungumze Kitagalogi nyumbani. Alisema Kiingereza kitatufikisha mbali." Akatazama mikono yake. "Nikimsikia naelewa kidogo. Lakini kusema, mdomo hauendi. Naona aibu kumwomba Luz."

Basi mwanamke wa Kifilipino akakaa kwenye kiti cha plastiki Alexandria, akafundishwa lugha ya mama yake na Mswahili mwenye bega moja, kutoka kwenye daftari ambalo nusu yake ni Kihispania. Tulifanya bintana, dirisha, tukafanya almusal, kifungua kinywa, tukafanya salamu na nanay, yaani mama. Nilikuwa nafikiria wanangu mwenyewe wawili, ambao nawasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, na jinsi ninavyojisifu kwamba wanaelewa.

Tukaenda chumbani. Tess akavuta pumzi akasema, "Kumusta ka, Nanay?"

Lola Charing alikuwa dirishani. Akageuka, akamtazama binti yake kwa muda. Akasema, "Po."

Tess akanitazama. Neno hilo halikuwa kwenye daftari langu. Luz, aliyekuwa anapanga vidonge mlangoni, akasema bila kuinua kichwa, "Ni la heshima. Umemsalimu kama rafiki yako wa shule."

Nikaelewa mara moja. Ni kama mtoto wa Tanga amwambie mama yake mambo vipi badala ya shikamoo. Bibi ambaye kiharusi kilimchukulia Kiingereza chote alikuwa hajasahau hilo.

"Kumusta po kayo, Nanay," Tess akasema.

Bibi akaridhika. Akanyoosha mkono wa kulia, kiganja chini. "Mano," akasema.

Hilo Marta angelijua, mano ni mkono. Tess akaupokea akautikisa, kama wanavyotikisana ofisini kwao. Bibi akauvuta mkono wake, akaunyoosha upya, kiganja chini, akangoja. Hakukasirika. Alingoja kama walimu wanavyongoja mtoto anayelijua jibu.

Tess akasimama pale. Halafu kitu kikamrudia, kutoka umri gani sijui. Akapiga magoti kwenye sakafu na suti yake, akaushika ule mkono kwa mikono miwili, akauegemeza kwenye paji la uso wake, ndivyo kwao mtoto anavyowaamkia wakubwa. Bibi akafumba macho. Mkono ukakaa pale muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji.

Luz akafunga droo ya toroli lake la dawa taratibu. Chumba cha jirani kengele ilikuwa inalia, nikaenda.